Kwa nini ukungu machoni huwa mwingi asubuhi?

Mwanafunzi, Wete
Assalaam alaykum. Mama yangu mkubwa, ambaye aliwahi kutolewa mtoto wa jicho, huamka akiona ukungu unaopungua kadiri jua linavyopanda, na ikifika adhuhuri huona vyema. Ameambiwa kwamba konea yake, yaani kioo cha mbele cha jicho, imejaa maji na kwamba seli za nyuma yake zimepungua. Sikufahamu maji hayo yanatoka wapi, ilhali konea haina mishipa ya damu, wala kwa nini kitabu changu cha skuli huyataja pamoja na mizani ya asidi na besi.

Mwalimu wa Biolojia, Unguja
Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Yanatoka ndani ya jicho lenyewe. Tabaka la kati la konea lina nyuzi za kolajeni na viambata vyenye chaji hasi vinavyovuta maji bila kukoma. Maji yakizidi, mpangilio wa nyuzi huvurugika, mwanga ukatawanyika, na huo ndio ukungu anaouona mama. Nyuma ya tabaka hilo ipo safu moja tu ya seli, endotheliamu, ambayo kwa makusudi haizibi kabisa, kwa kuwa chakula cha konea hupitia hapo. Hali yake ni ya baharia katika dau linalovuja, anayefua maji kwa kasi ileile yanayoingia. Mtu mzima huwa na seli hizo kiasi cha 2,500 katika kila milimita ya mraba. Zikifa, jirani zake hujitanua tu kuliziba pengo, kwani kwa binadamu hazizaliani. Na zikishuka hadi karibu 500, uvimbe huweza kudumu.

Mfamasia, Chake Chake
Naomba niongeze upande wa asidi, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha swali. Seli haisukumi maji yenyewe. Hupitisha chumvi, na maji hufuata. Pampu ya sodiamu na potasiamu hutoa sodiamu nje ya seli, na upungufu huo wa sodiamu ndani huiwezesha protini iitwayo NBCe1 kuingiza sodiamu pamoja na bikaboneti, ambayo ni besi. Wakati huohuo konea huvunja sehemu kubwa ya glukosi yake hadi asidi ya laktiki, ambayo njia yake kuu ya kutokea ni endotheliamu. Laktiki husafiri pamoja na protoni, yaani chembe zinazoleta uasidi, bikaboneti huzipokea protoni hizo ili seli isichachuke, laktiki husonga hadi kwenye majimaji ya ndani ya jicho, na maji huifuata. Ndiyo maana kuondoa asidi na kuondoa maji ni kazi zisizotenganishika hapa. Mtoto aliyerithi kasoro ya jeni ya SLC4A11, inayohusika na upitishaji wa protoni, kutoka kwa wazazi wote wawili, huweza kuzaliwa na konea nene yenye weupe.

Mwanafunzi, Wete
Ahsanteni sana. Na asubuhi je?

Mfamasia, Chake Chake
Kope zikifumba usiku, oksijeni ya hewani inayoifikia konea hupungua, laktiki huongezeka, na machozi hayakauki, hivyo maji hayavutwi kutoka upande wa mbele. Hata konea yenye afya huvimba kidogo, ila hupungua upesi baada ya kuamka. Daktari huweza kumwandikia matone ya chumvi ya asilimia 5, yanayovuta maji kutoka upande wa mbele. Ikiwa mama anatumia pia matone ya presha ya jicho yenye dozolamaidi, mkumbusheni daktari wake: dawa hiyo huzuia kaboniki anhidrasi, kimeng'enya ambacho endotheliamu hukitumia katika kuendesha bikaboneti, na jicho lenye seli chache huweza kuvimba zaidi.