Kahawa yetu: serikali ikae wapi?

Mwanzisha mada, Mbale:
Wenzangu, mwishoni mwa 2024 Bunge letu la Uganda liliivunja mamlaka ya kahawa, UCDA, kazi zake zikahamia Wizara ya Kilimo. Tangu hapo huku kwetu ni ubishi tu. Wengine wanataka serikali isiguse soko kabisa, wengine irudi kununua na kupanga bei. Mimi nasema iache mizani, ishike ubora.

Mnaotamani bei ya serikali mmeisahau Bodi ya Kahawa. Kabla ya soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kahawa yote ya nje ilipitia kwake. Mkulima alipeleka gunia, akarudi nyumbani na karatasi. Pesa ilipofika, sukari ilikuwa imeshapanda. Wakati wa Amin, baridi ya 1975 ilipoua mibuni ya Brazil na bei ya dunia ikapaa, magunia yalivuka usiku kwenda Kenya kupitia Chepkube, pale mpakani. Neno magendo wazee wetu walilijua kwa migongo yao.

Mchangiaji, Sironko:
Kaka, ya Bodi ni kweli. Na dalali je? Anakuja wakati ada ya shule inadaiwa, anainunua kahawa ingali maua. Ikiiva si yako tena, wewe ni mchumaji tu kwenye shamba lako. Soko huria hilo ni huria kwa nani? Sitaki serikali inunue. Nataka iupe ushirika mkopo wa riba nafuu, tuweze kungoja mavuno.

Mwanzisha mada:
Dada, kwenye maua umenishika, na mkopo nauunga mkono. Ila ubora ndio unaoninyima usingizi. Msimu uliopita nilizamisha mkono kwenye gunia la jirani: juu kahawa kavu, safi, chini ina unyevu, imechanganywa na mawe. Mnunuzi akashusha bei ya kijiji kizima, hata yangu niliyoianika kwenye turubai wiki nzima. Mimi siwezi kumkagua jirani, na dalali mwenye haraka hakagui. Anahitajika mtu mwenye kipimo cha unyevu na nguvu ya sheria. Sasa kazi hiyo iko wizarani. Huko kwenu Sironko, tangu mabadiliko haya, kuna mkaguzi aliyewahi kufungua gunia?

Mchangiaji, Sironko:
Kwetu bado. Mavuno tunayaanza mwezi wa 9, na stoo za madalali zimeshapakwa rangi.