MJADALA: Tamthilia nzuri zinapigwa chini mapema mno, kosa ni la watazamaji au la vituo vya TV?

Wadau, hili limenichosha. Unaanza tamthilia, unawazoea watu wake mpaka ukimwona fulani kakaa kimya unajua kuna jambo analificha, sizoni ya kwanza inaisha mtu kaachwa pabaya, mlango ndo unafunguka hatujaona nani anaingia, halafu unasikia basi, imefutwa. Huyo aliye mlangoni hutamjua maisha.

Tukilalamika tunaambiwa biashara ni biashara, watazamaji hawakuwepo. Sawa, kutengeneza sizoni ni pesa nyingi, sibishi. Ila hao watazamaji wangeipataje? Chukua Firefly, tamthilia ya Kimarekani ya mwaka 2002. Zilitengenezwa epsodi 14, kituo cha Fox wakarusha 11, tena Ijumaa usiku na bila kufuata mpangilio, yaani ile ya kwanza kabisa inayokutambulisha nani ni nani wakaja kuirusha mwishoni, mwezi Desemba, wakati habari ishaisha. Baadaye watu wakanunua DVD kwa wingi mpaka ikatolewa filamu 2005. Kumbe wapenzi walikuwepo!

Na siku hizi ndo imezidi. Tamthilia inayoitwa 1899 iliingia Netflix Novemba 2022, Januari 2023 ikafutwa, haijafikisha hata miezi miwili, na waandaaji walishapanga hadithi ya sizoni tatu. Miezi miwili jamani, mtu mwenye kazi na watoto hata hajapata nafasi ya kukaa chini aangalie. Matokeo yake wengi tumekuwa waoga, mimi mwenyewe sianzi kitu kipya mpaka nihakikishe kimeisha, na najua kabisa kusubiri kwangu kunashusha namba za mwanzo, namba zikishuka wanafuta, wakifuta nazidi kuogopa. Nani kauanzisha huu mzunguko kama si wao?

Mi naona kama lazima wafute, wafute, lakini watoe hata epsodi moja ya kufunga hadithi. Mtu kakupa masaa kumi ya maisha yake, unamwachaje hewani?

Sasa nyie wa biashara ni biashara nijibuni hili: Cheers, tamthilia ya vichekesho, ilipoanza kituo cha NBC cha Marekani mwaka 1982 sizoni ya kwanza ilikuwa karibu na mkiani kwenye idadi ya watazamaji, wakaivumilia, ikaenda sizoni 11 hadi 1993. Kwa hesabu zenu za leo, ingefika hata sizoni ya pili?