Nauza laptopu yangu ya EliteBook iliyojaa mafaili ya wateja, nifanye nini kabla sijaikabidhi?

mhasibu_kimara
Wakuu habari za wikendi. Nina HP EliteBook 840 G3, i5, RAM 8, SSD (diski isiyozunguka) 256, niliichukua mtumba Kariakoo ikiwa imetoka Ulaya, kibodi yake ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi ila nishazoea. Nataka kuiuza niongezee hela nichukue yenye prosesa ya jenereshoni ya nane kwenda juu. Bei hainiumizi kichwa, kinachoniumiza ni kwamba mimi natunza vitabu vya watu, humo ndani kuna ritani za wateja, TIN zao, picha za vitambulisho vya NIDA, slipu za mishahara, kila kitu. Kuna kijana hapa mtaani anasema ataipiga Windows upya kwa elfu kumi na tano na habari itakuwa imeisha. Hivi inatosha kweli? Na je nibadilishe betri kwanza, maana inakaa saa moja na ushee tu inazima. Nawaza kuomba laki tatu na nusu.

fundi_wa_ghorofani
Mkuu usimpe kabla hujamuuliza anapigaje. Wengi wanaweka Windows mpya juu ya ile ya zamani, ukicheki C unakuta folda ya Windows.old imekaa kimya na mafaili yako yote yamo humo. Hata akifomati, kama ni diski ya kuzunguka (HDD) fomati ya haraka inafuta orodha tu, data zenyewe zinabaki mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake, mtu akishusha Recuva, programu ya bure ya kurudisha mafaili, anazivuta. Hapa dukani mzigo wa mtumba ukiingia unawasha mashine unakutana na harusi za watu.
SSD ina tabia tofauti, nyingi zinajisafisha zenyewe ukishafuta, ila kwa data za wateja usiishi kwa matumaini. Wewe una bahati hizi HP za ofisini zina dawa ndani kwa ndani: washa ukiwa unabonyeza F10, ingia Security, tafuta Hard Drive Utilities, halafu Secure Erase. Hapo diski yenyewe ndo inaambiwa ijifute yote, na kwa SSD haichukui muda. Zile programu za kuandika sifuri juu ya sifuri usiku kucha ziachie HDD, kwenye SSD zinachosha diski bure na bado kuna vyumba vya akiba ambavyo hazivifikii.

dada_wa_IT
Fundi kaeleza vizuri ila kaka usikimbilie F10 kabla ya haya. Kwanza bakapu, na bakapu ufungue kwenye mashine nyingine uone mafaili yanafunguka, sio kuangalia majina tu. Kama una programu ya uhasibu ya kulipia toa leseni kwanza, zingine ukifuta bila kuitoa zinahesabu ile mashine bado ni yako.
Halafu Chrome. Watu wanaingia wanafuta paswedi zilizohifadhiwa huku sinki (sync, ile inayounganisha akaunti na vifaa vyako vingine) bado imewaka, zinafutika na kwenye simu na kila mahali, wanaanza kulia. Zima sinki kwanza, au toka kabisa kwenye akaunti ndo ufute. WhatsApp ya kompyuta itoe kwa kutumia simu, pale kwenye vifaa vilivyounganishwa. Ukimaliza yote nenda kwenye akaunti yako ya Microsoft uiondoe hiyo laptopu kwenye orodha ya vifaa.

mzee_wa_mikocheni
Mnamzungusha kijana. Chomoa diski, baki nayo, uza mashine bila diski au weka nyingine. Slipu za mishahara ya watu si za kucheza nazo, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mteja wako akikuta NIDA yake inazunguka huko utamwambia nilimpa kijana elfu kumi na tano?

fundi_wa_ghorofani
Mzee heshima yako, kwa HDD iliyoanza kugoma nakuunga mkono, hiyo hata ukitaka kuifuta haifutiki vizuri, ivunje tu. Ila SSD nzima ukishaifanyia Secure Erase hakuna wa kuvuta kitu, na laptopu isiyo na diski mteja akiiwasha haioni chochote anaanza kukukata bei kama nyanya za jioni. Mhasibu asipoamini macho yake basi abaki na SSD yake aifanye ya bakapu, anunue nyingine aweke, kwenye G3 ni kufungua kifuniko cha chini tu.

mhasibu_kimara
Nimewaelewa, shukrani. Betri je?

bongo_spea
Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Angalia namba mbili, uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa.

mhasibu_kimara
Kiwandani 46,000 na kidogo, sasa hivi 20,900.

bongo_spea
Chini ya nusu hiyo. Usinunue betri mpya ya kuuzia, hela haitarudi, na zile za bei chee zimeandikwa namba kubwa kwenye stika ila ndani hamna kitu, mwezi wa pili mteja anakupigia. Piga picha ripoti, weka kwenye tangazo, sema inakaa saa moja. Anayetaka kuitumia mezani na chaja hana shida nayo. Ila hakikisha haijavimba, kama pedi ya mausi imeanza kuinuka au haibonyezeki itoe leo leo usiendelee kuichaji.

tunduizi
Weka Windows 11 kwa Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya Windows, bhana uombe laki nne, inaruka ule ukaguzi wa prosesa.

dada_wa_IT
Inaruka ndio, ila prosesa ya G3 ni jenereshoni ya sita, Microsoft hawaitambui kwa 11 na hawaahidi kwamba itaendelea kupata apudeti. Ukiweka mwambie mnunuzi, maana akija kugundua mwenyewe atakuona tapeli. Windows 10 nayo sapoti ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mi ningeweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) au ningeiacha na 10 na kumweleza ukweli, mwanafunzi wa kuandika ripoti na kuangalia filamu ataichukua tu.

bongo_spea
Na kama uliwahi kuweka paswedi ya BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, ile ya F10) itoe ukiwa humo humo F10. Hizi za ofisini ukisahau hiyo, kuchomoa betri hakusaidii, mnunuzi akija kukwama atajua umemuuzia ya wizi.
Usafi: zima, chomoa chaja, kitambaa laini na spiriti ya kusafishia kidogo kwenye kitambaa, SIO kumwagia kibodi. Ukipuliza vumbi shikilia feni isizunguke. Stika za kuficha herufi za Kijerumani achana nazo, zinabanduka na kuacha gundi, piga picha kibodi ilivyo.

mama_wa_duka
Mimi naongezea ya hela. Kutaneni sehemu yenye watu, na akisema ameshatuma usisome meseji, angalia salio lako kwanza, meseji za uongo zinaandikwa vizuri kuliko za kweli. Muandikiane karatasi, jina lake, namba ya siri, namna mlivyolipana, kila mmoja abaki na nakala.

bongo_spea
Mama namba ya siri tena? 😂 Serial namba, iko chini ya laptopu.

mama_wa_duka
Hiyo hiyo, mmenielewa.

mhasibu_kimara
Bakapu nimeshafungua kwenye laptopu ya wife, mafaili yanafunguka yote. Sasa niko F10 nimeiona Secure Erase, imenionyesha SSD moja tu na inauliza kama nina uhakika. Chaja nichomoe au?

fundi_wa_ghorofani
Iache kwenye chaja, na betri yako hiyo ya saa moja ndo kabisaa. Flashi zote na diski ya bakapu chomoa kwanza, kisha kubali, usiguse pawa mpaka iseme imemaliza.