Mrejesho: tairi za Benz W126 ya 1983

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na Benz W126 ya marehemu mzee, toleo la 380 SE, inayovaa tairi za 205/70 R14 (upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana, rimu ya inchi 14), saizi ambayo nimeisaka Dar nzima bila mafanikio. Muuzaji mmoja alinishauri nifunge 185/70 R14, eti "zinaingia tu". Kuingia zinaingia, lakini gari lile ni zito, na tairi ile ni fupi kwa sentimita 2.8. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nimefuata ushauri wa aliyesema nihamie rimu za inchi 15. W126 za kuanzia mwishoni mwa 1985 zilitoka na 205/65 R15. Nilipiga hesabu kwenye karatasi: ya zamani kimo chake milimita 642.6, mpya 647.5. Tofauti haifiki hata asilimia moja, kwa hiyo spidomita haidanganyi.

Rimu za alumini nimezipata Ilala, zimetumika ila hazijapinda. Hapa ndipo ningeumia: boliti za rimu za chuma ni fupi, kwenye alumini zinashika nyuzi chache tu. Fundi alishaanza kukaza, nikamsimamisha. Tumetafuta ndefu. Boliti za zamani nimeziacha kwa ajili ya tairi la akiba, maana bado ni la rimu ya chuma.

Tairi nimechukua zenye 94V (94 ni uzito zinaoweza kubeba, V ni kasi zinayohimili), na nilisoma tarehe ubavuni kwanza. Seti ya kwanza niliyoletewa, "mpya kabisa", iliandikwa 1416. Wiki ya 14, mwaka 2016!

Usukani sasa umetulia. Mama anasema gari limerudi ujana.