Naombeni ushauri: kura ya zawadi za Idi imeniangukia kwa yule ambaye zawadi yake mwaka jana haikunifikia

Mfumaji wa Ngamiani

Assalaam alaikum, na wa upande wa pili nawasalimu pia. Nina jambo limenikaa kifuani tangu juzi, nikaona nilete kwenu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga. Nafuma kwa kroshia: vitambaa vya makochi, vya meza, kofia za watoto wachanga. Kwa simu nimejiunga na kundi la wafumaji, tuko 24. Wengi ni wa Tanga, Dar na Unguja, wako wa Mombasa, wawili Muscat, wawili Uingereza na mmoja Moshi. Wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kila Idi el-Fitri tunapeana zawadi. Mratibu anapiga kura, kila mtu anapewa jina la mwenzake kwa siri, unanunua au unafuma kitu kisichozidi shilingi 40,000 za Tanzania, unatuma. Idi mosi kila mtu anafungua cha kwake na kuweka picha. Yule dada wa Moshi ni Mkristo lakini hajakosa hata mwaka mmoja, na Krismasi ikifika sisi tunamtumia zake.

Mwaka jana nilimfumia dada wa Mombasa vitambaa sita vya makochi, vyeupe vyenye ukingo wa samawati. Nilifuma Rajabu na Shaabani nzima, watoto wakishalala. Vilifika, akavitandika, akaweka picha. Nililia kwa furaha.

Yangu haikuja. Idi mosi nikasema labda kesho. Idi pili hivyo hivyo. Idi tatu binti yangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, ya kwako iko wapi?" Nikamwambia iko njiani. Jioni mratibu akauliza nani bado, nikaona haya. Nikaandika: "Nimepata, Alhamdulillah, namshukuru aliyenitumia." Wakanijazia maua na mioyo.

Juzi amepiga kura ya mwaka huu. Aliponitumia jina langu, bahati mbaya akaambatanisha na orodha ya mwaka jana. Aliifuta haraka lakini nilishaona. Aliyepangiwa mimi mwaka jana ni dada mmoja wa Leicester. Na mwaka huu mimi nimepangiwa yeye huyohuyo.

Sijalala vizuri. Nimtumie ninyamaze? Nimwambie? Nijitoe kwa kisingizio cha ugonjwa? Halafu hata nikiamua kutuma, Uingereza sijawahi kutuma kitu. Mombasa nilitumia basi linalopita mpakani Horohoro, basi. Mume wangu anasema gharama ya posta itaizidi zawadi yenyewe. Idi imebaki wiki saba.

Mkaa Pwani

Jitoe dada yangu. Mtu akishakula haki yako mara moja, ya pili ni wewe umempa. Fuma, uza, ununulie watoto nguo za Idi.

Bibi wa Pangani

Mwanangu, pole. Lakini hebu nikuulize: nani kakwambia hakutuma? Unachojua wewe ni kwamba haikufika. Kutuma na kufika ni mambo mawili, na katikati yake kuna bahari na mikono ya watu wengi.

Sasa tazama. Uliposema umepata, yule dada, kama alituma, aliambiwa mbele ya watu 23 kwamba amana yake imefika. Kwa nini aendelee kutunza risiti? Angejua haijafika angekwenda posta ya kwao na namba yake, wakaanza kuitafuta. Maulizo ya kitu kilichotumwa nchi hadi nchi yana muda wake, ni miezi 6 kuanzia siku inayofuata siku kilipotumwa. Ukishapita hawakusikilizi. Kwako umeshapita.

Najua ulitaka kumsitiri, na sitara kwetu ni jambo kubwa. Ila ulimsitiri mtu usiyejua kama ana kosa, na mlango ukajifungia wewe mwenyewe. Mwandikie pembeni, si kundini. Usianze na la kwake, anza na la kwako: kwamba ulisema umepata na hukupata. Ukishalisema hilo, yeye atajua la kusema. Mimi nina miaka 61 na nimeona udugu ukivunjika kwa vitu vidogo kuliko hiki, kwa sababu tu kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze.

Mkaa Pwani

Bibi nimekuelewa. Hilo la miezi sikulijua. Naiondoa kauli yangu ya juu.

Mwanamvita

Dadangu wa Tanga, miye ni wa Mombasa lakini si yule uliyemtumia vitambaa, ingawa natamani ningekuwa yeye! Ya huyo wa Leicester nakubaliana na bibi. Miye naongeza jambo moja tu, maana najua utatamani kumtilia na leso.

Soma jina la leso kabla hujalipa. Kundi letu la mapishi nasi tulipeana zawadi, nikampata mwanamke wa Malindi nisiyemjua hata sura. Nikaona leso nzuri mno, mji wa rangi ya chungwa, pindo jeusi, nikaifunga nikaituma kwa furaha yangu yote. Jina lake: "Hasidi hana sababu". Siku mbili baadaye akanipigia simu, sauti inatetemeka: "Dada, nimekukosea nini?" Wallahi sikuwa nimelisoma. Niliangalia rangi tu. Nilimweleza, akacheka, lakini najua ile leso hakuivaa. Mtu unayeishi naye jirani atakuuliza kwa uso ulivyoukunja au ulivyocheka. Mtu wa mbali ana yale maneno ya kwenye leso tu. Na kwa hali mliyo nayo nyinyi wawili, jina likienda kombo ndiyo basi tena.

Forodhani

Nimefanya uwakala wa forodha miaka mingi, niseme upande wa kutuma, maana hapo ndipo zawadi nyingi zinapoharibika.

Mwambie shemeji gharama inategemea sana uzito na njia. Ukienda dirishani ukasema "nataka haraka" utapelekwa EMS, huduma ya haraka ya posta, na ni ghali kweli. Kitu kisichozidi kilo 2 kinaweza kwenda kama pakiti ndogo, kwa utaratibu wa barua. Iombee rejista, yaani iandikishwe na ipewe namba ya kuifuatilia. Namba utakayopewa ina herufi 2, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi. Ya kutoka kwetu inaishia TZ. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi. Piga picha risiti hapo hapo dirishani, maana wino wa zile karatasi unafifia. Na wiki saba si nyingi. Ningekuwa wewe ningetuma wiki hii au ijayo.

Utapewa fomu ya forodha, CN22, au CN23 ambayo ni ndefu zaidi. Usiijaze kwa kukimbia. Weka alama penye zawadi, kisha uandike kwa Kiingereza kitu chenyewe kilivyo: vitambaa vya pamba vilivyofumwa kwa mkono, vipande vingapi, uzito, thamani. Ukiandika "vitu vya nyumbani" unamlazimisha afisa afungue aone. Na usiandike thamani sifuri ukidhani unamsaidia, hakuna kitambaa cha bei ya sifuri. Uingereza zawadi ya mtu kwa mtu, ya sikukuu ya dini au siku ya kuzaliwa, haitozwi ushuru wala kodi ikiwa thamani yake haizidi pauni 39. Shilingi 40,000 iko chini sana ya hapo. Ukitaka kuwawekea na wanawe, kila cha mtu kifungwe peke yake, kiwe na jina lake na kiorodheshwe peke yake kwenye fomu, ndipo kila mmoja anahesabiwa kiwango chake. Ukivizidisha bila mpangilio, mwenzio ataitwa alipe kodi na juu yake ada ya shirika linalomletea. Hapo zawadi imegeuka deni.

Manukato ya spiriti yaache, hayaruhusiwi kwenye ndege za posta. Halua ya samli iache pia, vitu vyenye maziwa na nyama vya kutoka kwetu huko hawataki kuviona.

Swali moja: mwaka jana ulitoa anwani gani?

Mfumaji wa Ngamiani

Bibi, nimesoma maneno yako mara tatu. Sikuwahi kuliona hivyo. Nilidhani namfanyia wema.

Forodhani, nilitoa sanduku la posta la ofisi aliyokuwa anafanya kazi mume wangu, maana sisi hatuna la kwetu. Jina niliandika Mama Swaumu, ndilo wanalonijua kundini. Sasa naanza kupata wasiwasi, kwa sababu yeye alihama ile ofisi mwezi uleule wa Ramadhani.

Forodhani

Dada, umeshajijibu. Kitu cha rejista hakiingii sandukuni. Kinaingia kikaratasi cha taarifa, na mwenyewe anakwenda nacho dirishani na kitambulisho. Mume wako hayupo ofisini, kikaratasi kinamwita Mama Swaumu, na pale hakuna anayemjua Mama Swaumu. Hata ungekwenda mwenyewe, kitambulisho chako cha NIDA hakisemi Mama Swaumu. Kikikaa muda wake bila kuchukuliwa, kinarudishwa kilikotoka.

Mwaka huu andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu chini yake, na postikodi ya kata yako, tarakimu 5, za Tanga zinaanza na 21. Kodi sanduku lenu, au tumia la ndugu anayelifungua kila wiki.

Kadi za Mbali

Mimi napenda Postcrossing, ule mtandao wa kutumiana kadi za posta ulioanzia Ureno mwaka 2005. Kuna kitu pale kundi lenu mngekichukua. Kila kadi ina namba yake, na anayepokea ndiye anayeiandikisha kwamba imefika. Akishaiandikisha, ndipo aliyetuma anawekwa kwenye foleni ya kupokea yake kutoka kwa mtu mwingine. Anayeanza haruhusiwi kuwa na kadi zaidi ya 5 njiani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kadi isipofika inaonekana bila mtu kulalamika. Nanyi kila mtu ampe mratibu namba ya risiti siku anayotuma. Si kwa sababu hamuaminiani. Ni ili mtu kama wewe asijikute Idi tatu anachagua kati ya kusema uongo na kumwaibisha mwenzie. Na anwani zisiwekwe kundini, mratibu ampe anayetuma peke yake.

Dada wa Ruwi

Sisi huku Muscat tulikuwa tunaweka na mtu wa akiba. Mmoja au wawili wanajitolea mapema kwamba ambaye hakupata, kimya kimya watamtumia wao. Mwaka mmoja nilikuwa mimi wa akiba, na mwaka mwingine nilikuwa mimi niliyetumiwa. Usijitoe dada.

Mfumaji wa Ngamiani

Nimerudi, ni siku ya kumi na moja leo. Samahanini kwa ukimya.

Nilimwandikia usiku baada ya Isha. Nilifanya kama bibi alivyosema, nikaanza na langu. Nilifuta nikaandika upya mara nyingi. Nikamwambia: "Dada yangu, mwaka jana nilisema nimepata zawadi, na sikupata. Niliona haya. Nisamehe." Nikaiweka simu chini ya mto.

Alfajiri nikakuta ujumbe wa sauti, dakika nne. Alituma, jamani. Alituma wiki tano kabla ya Idi. Kifurushi kilirudi kwake mwezi wa saba, kimepigwa mhuri kwamba hakikuchukuliwa. Anasema alikaa nacho mezani akaniwaza: mbona alisema amepata? Akaona namsitiri. Akadhani nimekasirika na nimechagua kunyamaza, naye akaona haya kuniuliza. Mwaka mzima kila nikiweka picha ya kitambaa kundini alikuwa anakitazama na hathubutu kuandika neno. Na kweli, nilishaona hanijibu, nikadhani ananidharau.

Mume wangu alikwenda ile ofisi ya zamani kuuliza. Mama wa mapokezi akafungua droo, akatoa kikaratasi kimekunjwa, jina Mama Swaumu. Alikihifadhi akisubiri atokee mwenyewe. Nimekibandika ndani ya daftari langu la michoro ya kroshia.

Mratibu nimemweleza, hakunigombeza. Namba za risiti tunaanza mwaka huu, na dada wa Moshi amejitolea kuwa mtu wa akiba. Sanduku tumekodi la kwetu.

Kifurushi changu kimeondoka Jumatatu, kilo moja na gramu mia na kitu, rejista, fomu nimeandika kila kipande. Nimemfumia kitambaa cha meza cha duara, maana alisema kwao makochi ni ya ngozi. Mwanamvita, na kanga nimeweka, dukani nilisoma majina mpaka mwenye duka akaleta kiti. Nimechukua "Japo sipati tamaa sikati".

Mwanamvita

Hilo limekaa penyewe. Na yake je, ile iliyorudi?

Mfumaji wa Ngamiani

Anasema hajaifungua mpaka leo. Ameituma tena ile ile, karatasi ile ile, ameandika anwani mpya juu ya mhuri. Namba ninayo. Jana binti yangu aliniuliza tena ya kwangu iko wapi, nikampa simu akasoma mwenyewe, herufi moja moja, mpaka kwenye GB ya mwisho.