Taa zinawaka mchana kutwa lakini kwa ukungu wa Mau Summit lori karibu linipande. Shida ni nini?

Dereva_wa_Lanet
Wadau wa magari habarini. Niko na Mazda ya 2016, ilitoka Uingereza, nimekuwa nayo miezi minne. Mbele iko na zile taa nyeupe za mstari zinazowaka zenyewe ukishawasha injini, mimi sijawahi kuzigusa, nikajua mambo ya taa nimemaliza.

Sasa Jumamosi nilitoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikienda Kisumu kumwona mama. Salgaa kulikuwa sawa, Sachangwan ukungu ukaanza kidogo kidogo, kufika Mau Summit ni kama nimeingia ndani ya debe la maziwa. Mwangaza upo, kumekucha, lakini huoni kitu. Naangalia mbele naona taa zangu zinang'aa kwa ukungu, dashibodi yote imewaka, nikajiambia niko sawa. Mara honi ya lori nyuma, breki za upepo zinalia, naangalia kioo naona grili tupu. Lilinikwepa likapitia pembeni, na turnboi akatoa kichwa akanimwagia maneno siwezi andika hapa, mwisho akasema "washa taa wewe!" Sasa niwashe aje na zimewaka?

Nikaanza kuzungusha kila kitu kwa ule mkono wa indiketa mpaka alama moja ya rangi ya chungwa ikawaka, nikaiacha hivyo. Nimepita Kericho, nimeshuka Kapsoit, kufika Awasi jua liko juu kabisa na kila mtu nyuma ananipigia fuli, zile taa kali za mbali. Matatu moja pale Ahero ilinipita konda akifunika macho na mkono kama mtu anaangalia jua.

Kisumu nikaonyesha fundi mmoja wa waya. Akasema foglaiti (taa za ukungu) za mbele zimekufa, na hizi taa za mchana ndizo zinamaliza betri. Anataka elfu nne mia tano azikate kisha aunganishe foglaiti moja kwa moja na ignisheni ziwe zinawaka tu. Sijampa jibu. Nifanye ama?

Molo_Viazi
4,500 ya kukata kitu hakijaharibika. Kimbia bro.

WayaNiWaya_Ksm
Pole sana omera, na ushukuru Mungu kwa dereva wa hilo lori maana breki zake zilikuwa nzima. Mimi ni fundi wa waya hapa Kisumu, sio huyo wako lakini, kwa hivyo wacha niongee polepole.

Hizo taa zako za mstari ni DRL, taa za mchana. Kazi yake ni moja tu, mtu anayekuja mbele yako akuone. Hazijatengenezwa zikumulikie barabara na, hapa ndipo ulipokosea, kwa gari nyingi nyuma haziwashi kitu. Nyuma ni giza. Yule wa lori alikuwa anaangalia gari ya kijivu ndani ya ukungu wa kijivu bila hata nukta moja nyekundu. Wewe kiti chako ulikuwa unaona mwanga mbele na dashibodi imewaka ukadhani uko na taa. Zamani dashibodi ikiwa giza unajua hujawasha taa, siku hizi gari nyingi dashibodi inawaka muda wote kwa hivyo hiyo dalili imeondoka. Wateja wangu wengi wanaingia huo mtego, na sio washamba.

Na usiniambie ungeweka swichi kwa AUTO, taa zijiwashe zenyewe, ungekuwa salama. Sensa iko pale juu ya dashibodi karibu na kioo, inapima mwangaza, haipimi ukungu. Ukungu wa asubuhi ni mweupe na unang'aa, sensa inaona ni mchana, inakaa kimya. Ukungu ukiingia zungusha mwenyewe mpaka kwa hedilaiti, dimu (mwanga wa chini) sio fuli. Hapo taa za nyuma zinawaka na DRL zenyewe zinazima ama zinapungua nguvu, usishtuke ukafikiri zimeungua.

Sasa foglaiti. Nina wasiwasi hazijakufa. Haziwaki peke yake, lazima kwanza paking (zile taa ndogo) ama hedilaiti iwe imewaka ndio ile ringi ya katikati ya mkono ifanye kazi. Alama ya kijani, mistari imeinama inaangalia kushoto, hiyo ni ya mbele. Ya chungwa, mistari imenyooka inaangalia kulia, ni ya nyuma, na hiyo ndio umetembea nayo mpaka Awasi 😂. Taa nyekundu ya ukungu ya nyuma iko na nguvu karibu kama breki laiti, imetengenezwa ipasue ukungu, sasa wewe umewachomea watu macho jua la Ahero likiwa kichwani.

Dereva_wa_Lanet
Woi. Kumbe zile fuli zote nilikuwa nawajibu na fuli 🙈 Lakini ngoja, mama aliangalia nyuma akaniambia inawaka upande mmoja tu, kulia. Balbu ya kushoto imeungua?

WayaNiWaya_Ksm
Wapi. Gari nyingi zinatoka kiwandani na moja tu, upande wa dereva. Ikiwa moja mtu wa nyuma hawezi kuichanganya na breki. Usinunue balbu ya kuweka mahali hakuna waya.

Probox_Kitale
Mulembe wakuu. Mi hayo yote sina, gari ya Japani nyingi hazina hata hiyo nyekundu ya nyuma. Kwa ukungu naweka hazadi, indiketa zote nne, natembea, na fuli juu. Sijawahi gongwa.

Mama_Londiani
Probox tafadhali, nyinyi ndio mnatusumbua huku. Ninaishi Londiani, huo ukungu ndio hali yetu ya hewa. Ukiwasha hazadi na unatembea mimi nyuma sijui umesimama, sijui umeharibikiwa, na ukitaka kukata kona indiketa yako haionekani. Hazadi ni ya kusimama. Na fuli ndio mbaya zaidi, unamulika matone ya maji na yote yanarudisha mwanga kwa macho yako mwenyewe, unatengeneza ukuta mweupe halafu unaukimbilia.

Na wewe mtu wa Lanet, foglaiti za mbele usifikirie zitakufanya uone mbali. Zimewekwa chini kwa bampa na mwanga wake ni mpana, umekatwa juu ili usipande kwa ukungu. Utaona mstari wa barabara na ukingo, hatua chache mbele, basi. Mimi nazitumia kufuata ule mstari wa kushoto nikiwa polepole sana, dirisha limefunguliwa kidogo nisikie lori. Ukiona umefikia mahali huoni kabisa, toka barabarani kabisa kabisa, sio kusimama pembeni tairi mbili ziko kwa lami.

Probox_Kitale
Sawa mama, nimesikia. Ya hazadi nimekubali. Lakini taa za njano je? Kuna mtu ananiuzia zile za njano ati zinakata ukungu.

Kijana_wa_Egerton
Hiyo ya njano kukata ukungu ni hadithi. Matone ya ukungu ni makubwa sana ukilinganisha na mawimbi ya mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa. Faida ya njano ni kwamba wengine inawapumzisha macho. Ufaransa walilazimisha hedilaiti za njano kutoka miaka ya 1930 mpaka 1993, na wakaziacha. Kilicho muhimu ni umbo la mwanga na mahali taa imekaa. Ukitoa balbu ya kawaida ukaweka ile nyeupe kali ya mtandaoni ndani ya taa ambayo haikuundiwa hiyo balbu, mwanga unatawanyika kila mahali, unapanda juu, na faida yote ya foglaiti imeisha hapo.

Hizo DRL nazo historia yake ni ya watu wa baridi. Sweden walianza kulazimisha taa mchana 1977 kwa sababu jua lao liko chini na giza ni nyingi, halafu Ulaya ikasema modeli mpya kuanzia Februari 2011 zote ziwe nazo. Ndio maana gari yako ya Uingereza iko nazo na Probox haina. Kiwango chake cha ukali wa mwanga ni kandela 400 hadi 1,200, inatosha kuonekana bila kumuumiza mtu. Zile mistari za bluu za kubandika kwa bampa sitaki hata kuziongelea.

Dereva_wa_Lanet
Na betri? Kwa sababu hiyo ndio ilinitisha, asubuhi mbili hivi gari imekataa kuwaka.

WayaNiWaya_Ksm
Hizo za LED zinakula kidogo sana, hedilaiti ya kawaida balbu moja ni wati 55, hizi hazifiki hata karibu. Na zinawaka injini ikizunguka, alteneta, ile inachaji betri, inalipa hiyo deni saa hiyo hiyo. Ukizima gari zinazima. Betri yako imezeeka ama kuna kitu kingine kinanyonya usiku, peleka ipimwe kwanza.

Hiyo ya kuunganisha moja kwa moja ndio nakukataza. Foglaiti mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9. Kiwandani swichi haibebi huo moto, inaamrisha tu rilei (swichi ya umeme mkubwa), na rilei ndio inapitisha umeme kwa waya mnene kupitia fyuzi. Ukipitisha zote kwa waya wa ignisheni utanusa plastiki. Na gari za mwaka huo taa zinasimamiwa na kompyuta ya bodi, ukimkatia waya mmoja anawasha onyo kwa dashibodi, ukibahatika. Usipobahatika unanunua kompyuta.

Leo jioni weka mtu nyuma ya gari, weka swichi kila mahali moja moja, akuitie anachoona. Foglaiti zikikataa na paking imewaka, angalia fyuzi na balbu kwanza, halafu ndio uje.

Dereva_wa_Lanet
Nimerudi. Nimemweka msichana wangu wa darasa la tano nyuma ya gari kwa geti. Injini ikiwaka tu: "Baba hakuna kitu." AUTO: "hakuna kitu" (ilikuwa saa kumi na moja jioni). Hedilaiti: "nyekundu mbili!" Nikazungusha ringi, alama ya kijani ikaja, nikashuka kuangalia, foglaiti zote mbili za mbele zinawaka. Hazijakufa hata moja. Nikaongeza ile ya chungwa akapiga kelele "baba inachoma!"

Betri napeleka kesho. Fundi amepiga simu mara mbili anauliza naleta gari saa ngapi.

Molo_Viazi
Mwambie uko kwa ukungu.