GX100 haishushi RPM ikifika 100: toki konveta hailoki, au giaboksi ndiyo imekwisha?

Mwalimu wa Mafinga
Wakuu, habari za jioni. Nina gari Toyota Mark II GX100 ya 1998, injini 1G-FE, otomatiki ya gia nne. Huu mwaka wa sita niko nayo. Kila mwisho wa mwezi natoka Mafinga kwenda Morogoro kumwona mama, narudi Jumapili.

Zamani nikifika 100 na kulegeza mguu kidogo, baada ya sekunde chache mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ulikuwa unashuka wenyewe kutoka 2,800 hadi 2,500 hivi, gari linatulia. Abiria hawajui kitu, ila mimi nilikuwa nausikia mguuni. Tangu Februari hakuna. Gia zote nne zinaingia vizuri, haigongi, haitelezi, lakini mshale umeganda palepale 2,800. Tenki lililokuwa linanipeleka Morogoro na kunirudisha mpaka Iringa, sasa taa ya mafuta inawaka kabla sijaanza kupanda Kitonga.

La ajabu: nikipita Mikumi mchana, nikishatambaa ule mwendo wa hifadhini kuogopa faini za twiga, nikitoka RPM inashuka vizuri kama zamani. Dakika kumi, basi, inapanda tena.

Oili ya giaboksi nilimwaga Desemba, bado nyekundu, hainuki kuungua. Fundi mmoja hapa kasema giaboksi nzima ibadilishwe, laki tisa. Hata stiki ya kupimia oili hakuichomoa. Nianzie wapi kabla sijauza mbuzi?

Kijana wa Spea
Hiyo ni solinoidi mkuu, ile vali ya umeme ya kuloki konveta, usihangaike. Badilisha tu.

Baba Uyole
Kijana, hujapima halafu unamtuma Mwalimu dukani. Solinoidi haifi ikifika Mafinga ikafufuka Mikumi.

Mwalimu, shikamoo. Toki konveta inazungusha giaboksi kwa oili, na oili huwa inateleza kidogo. Ndani yake kuna klachi inayobana injini na giaboksi vizunguke pamoja, ndiyo hiyo RPM unayoona ikishuka. Kompyuta haiamuru klachi ibane mpaka iridhike: mwendo upo, hujaachia mafuta kabisa, hujagusa breki, na injini ina joto. Kwenye Toyota za umri huo, maji ya injini yakiwa chini ya takriban nyuzi 60 haikubali. Kwa hiyo fanya haya, hayana gharama:

Kwanza, ukiwa 90 au 100 barabara tambarare, mguu wa mafuta usitikisike, gusa breki kwa mguu wa kushoto kwa wepesi sana, ziwake taa tu. Kama ilikuwa imeloki, RPM itaruka juu kidogo kisha irudi. Isipotikisika, haikuwa imeloki.

Pili, mtu asimame nyuma aangalie taa za breki wakati hujakanyaga. Swichi ya pale kwenye pedeli ikikwama, kompyuta inadhani unafunga breki safari nzima.

Tatu, kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, na kitufe cha ovadraivu (gia ya nne) kiwe kimewashwa. Hesabu taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inavyokonyeza. Ikikonyeza sita halafu nne, hiyo 64, ni saketi ya solinoidi ya kuloki. Hapo ndipo unapima omu zake (ukinzani wa umeme), nzuri huwa kati ya 11 na 15. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa.

Na nijibu hili: mshale wa temperecha ukiwa safarini unakaa wapi? Mwaka huu kuna fundi aliyegusa upande wa maji?

Mama Premio
Samahani kuingilia. Yangu inaloki, ila ikiwa 60 au 70 nikikanyaga kidogo inatetemeka kama napita juu ya vituta vidogo vidogo vya barabarani. Ni hilohilo?

Baba Uyole
Dada, la kwako ni lingine. Ikianza kutetemeka gusa breki vilevile kwa wepesi. Ikitulia papo hapo, tetemeko linakuja wakati wa kuloki. Soma kwenye stiki inataka oili gani, uibadilishe, mara nyingi inapunguza. Lakini tazama plagi pia kabla hujalaumu giaboksi: konveta ikiloki, kila mtikisiko wa injini unakufikia moja kwa moja.

Mwalimu wa Mafinga
Marahaba Baba. Nimefanya yote leo. Breki: RPM haikutikisika. Taa za nyuma zinazima vizuri. Waya: inakonyeza haraka mfululizo, haipumziki.

Temperecha unakaa kidole kimoja chini ya katikati. Nikapanda hata Kitonga nao haupandi, nami nikawa namshukuru Mungu kwamba injini haichemki! Ndiyo, mwisho wa Januari hozi ya juu ya rejeta ilipasuka, fundi wa Ruaha Mbuyuni akanibadilishia pale kwenye vitunguu. Akasema ametoa na "kile kinachochemshaga magari". Elfu kumi na tano na chai.

Baba Uyole
Mwalimu, ametoa themostati, ile vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kompyuta haioni kosa kwa sababu kosa halipo: sensa inasema injini ina baridi, na kweli ina baridi. Baridi ya Mafinga na upepo wa 100 kwenye rejeta, maji yanapoa kuliko injini inavyoyapasha. Mikumi ukitambaa na jua la mchana, yanafika nyuzi zinazotakiwa, inaloki. Ukikimbia yanapoa tena. Mafuta nayo yanaliwa kwa njia mbili: konveta hailoki, na injini yenye baridi inamiminiwa petroli nyingi.

Hakikisha asubuhi: washa injini ikiwa baridi, shika hozi ya juu. Kukiwa na themostati inakaa baridi kwa dakika kadhaa kisha inapata moto ghafla. Yako itapata joto polepole tangu mwanzo.

Weka ya nyuzi 82 na mpira wake mpya, kile kipini kidogo kikae juu, toa hewa vizuri ukijaza kulanti (maji ya rejeta). Halafu siku mbili tatu utazame temperecha kwa makini, kama rejeta imeziba ndipo itajulikana.

Mwalimu wa Mafinga
Hozi ilipata joto kabla sijamaliza chai. Nimefunga themostati juzi. Leo Mafinga hadi Iringa, nilipopita Ifunda tu mshale ukashuka: 2,500. Nikagusa breki, ukaruka, ukarudi. Nikagusa tena bila sababu. Mke wangu kauliza kama niko sawa.

Temperecha imekaa katikati kwenda na kurudi. Kwenye hesabu ya tenki nitarudi mwisho wa mwezi, nikishatoka kwa mama.

Kijana wa Spea
Sawa Baba Uyole, nimekaa chini.